Mkate wa Piasta 5: Nani Alikuwa Analipa Tofauti?

Tarehe 1 Juni 2024 mkate wa ruzuku nchini Misri ulipanda kutoka piasta 5 hadi piasta 20. Kwa asilimia hilo ni ongezeko la 300, na vyombo vingi vya habari vilishikilia namba hiyo. Lakini pauni moja ya Misri ina piasta 100, na wiki ile dola moja ilikuwa karibu pauni 47. Kwa hiyo mkate uliokuwa ukiuzwa kwa sehemu ya kumi ya senti ya Marekani ukafika chini kidogo ya nusu senti. Waziri Mkuu Mostafa Madbouly alipotangaza bei mpya alieleza kwamba mkate mmoja unaigharimu serikali piasta 125.

Hapo ndipo penye fumbo. Bei ya piasta 5 ilikuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Ilimpita Rais Mubarak, ikampita Rais Morsi, ikamfikia Rais Sisi. Ilipita pia Septemba 2023, mwezi ambao mfumuko wa bei wa mijini ulifika asilimia 38 na chakula peke yake kikapanda kwa zaidi ya asilimia 70 katika mwaka mmoja. Nyama, mayai, vitunguu, nauli na kodi ya nyumba vyote vilikimbia, mkate ukasimama palepale.

Bei ikizuiwa isipande, gharama haifutiki. Ipo, na kuna mtu anaibeba, mara nyingi bila kujua. Nadhani ugomvi mwingi kuhusu ruzuku ungepungua kama kila upande ungeanza kwa kuuliza ni nani hasa anayelipa ile tofauti, kabla ya kuuliza kama ruzuku ni nzuri au mbaya.

Mikate miwili, ngano moja

Mkate wenyewe unaitwa baladi. Ni wa mviringo, bapa, una uwazi katikati wa kutilia maharage, na kwa umbo hauko mbali sana na mkate wa mofa wa pwani yetu. Kila mtu aliyeandikishwa kwenye kadi ya ruzuku ana haki ya mikate 5 kwa siku, na walioandikishwa ni kama watu milioni 70 katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 105. Mtu anafika bekari, anapitisha kadi kwenye mashine, analipa, anaondoka na mikate yake.

Pembeni kuna soko la pili. Huko mkate wa namna hiyohiyo unauzwa kwa bei ya kawaida kwa yeyote, pamoja na fino, ule mkate mrefu laini wanaofungashiwa watoto wa shule. Masoko haya mawili yanatazamwa kama vitu tofauti, lakini ngano ni moja. Misri hutumia takriban tani milioni 20 za ngano kwa mwaka, huvuna milioni 9 hadi 10 hivi, na iliyobaki inatoka nje. Kwa miaka mingi imekuwa mnunuzi mkubwa kuliko wote duniani. Mwaka 2021 karibu asilimia 80 ya ngano ya nje ilitoka nchi mbili tu: Urusi na Ukraine. Serikali inahitaji kama tani milioni 8 au 9 kwa ajili ya baladi, sehemu ikiinunua kwa wakulima wake na sehemu ikiiagiza. Wafanyabiashara binafsi huagiza ya kwao kwa ajili ya soko huria.

Kumbuka mpangilio huo, maana kila udhibiti uliofuata ulikuwa jaribio la kuzuia ngano isivuke kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Namba isiyoguswa

Woga wa serikali una tarehe. Januari 17, 1977 serikali ya Anwar Sadat, ikiwa kwenye mazungumzo na Shirika la Fedha la Kimataifa, ilitangaza kupunguza ruzuku kwenye orodha ndefu ya bidhaa: unga, mchele, sukari, chai, gesi ya kupikia, fino. Baladi yenyewe haikuwamo. Haikusaidia kitu. Siku mbili zilizofuata watu waliingia barabarani kutoka Aleksandria hadi Aswan, zaidi ya 70 wakauawa, jeshi likaletwa mitaani, na Sadat akayafuta maongezeko yote. Yeye aliyaita maasi ya wezi.

Machi 2008, bei ya ngano duniani ilipopaa, foleni za mkate zilirefuka mpaka watu wakafa katika ugomvi wa foleni, na Hosni Mubarak akaliamuru jeshi lioke mikate. Mwaka 2011 wito wa waandamanaji uliosikika uwanja wa Tahrir, Kairo, ulianza na mkate, kisha uhuru, kisha haki ya kijamii. Machi 2017 wizara ilipunguza tu idadi ya mikate iliyotolewa kupitia kadi maalumu za waokaji, na maandamano yakazuka mara moja Aleksandria na kwingineko.

Basi mawaziri walijifunza. Bei haikuguswa, wakagusa vilivyobaki. Uzito wa mkate ulikuwa gramu 130, ukashuka hadi 110, na Agosti 2020 ukawa gramu 90. Fanya hesabu: kwa piasta zilezile 5, bei ya kilo moja ya mkate ilipanda kwa asilimia 44 kati ya gramu 130 na gramu 90, na hakuna aliyeandamana. Mwaka 2022 ikaja zamu ya unga. Zamani kilo 100 za ngano zilitoa kilo 82 za unga wa baladi, zikaamriwa zitoe kilo 87 na nusu. Kilichoongezeka ni pumba, na mkate ukawa mweusi zaidi. (Kiafya pengine ni heri, lakini uamuzi huo haukufanywa na madaktari.)

Kwa hiyo mlipaji wa kwanza ni mlaji mwenyewe. Alilipa kwa gramu.

Gunia la mlango wa nyuma

Mlipaji wa pili alikuwa hazina, na hapa kuna somo kuhusu mahali ambapo ruzuku inawekwa. Kabla ya 2014 ruzuku ilikaa kwenye unga. Bekari iliuziwa gunia la kilo 100 kwa pauni 16 hivi, ilhali gunia kama hilo mtaani liliuzwa kwa bei mara kadhaa ya hiyo. Mwokaji mwenye akili timamu na watoto wa kusomesha anafanya nini? Akikesha kuoka anapata faida ya vipiasta, akiliuza gunia kwa mlango wa nyuma anapata faida ya wiki nzima kabla jua halijachomoza. Na mkate ukishaokwa bado ulikuwa rahisi kuliko chakula cha mifugo, kwa hiyo mwingine uliishia kwenye mabanda ya kuku. Mfugaji hakuwa mwizi wala mhuni. Alinunua lishe ya bei nafuu kuliko zote sokoni, kama ambavyo yeyote angefanya.

Waziri wa Ugavi Khaled Hanafi akageuza mfumo. Unga uliuzwa kwa bei yake halisi, mwananchi akapewa kadi ya kielektroniki, na serikali ikamlipa mwokaji tofauti kwa kila mkate uliosajiliwa kwenye mashine. Asiyechukua mikate yake yote alipewa pointi, piasta 10 kwa kila mkate, akanunulie bidhaa nyingine. Ruzuku ilihama kutoka kwenye gunia ikaja kwenye mkate wenyewe. Foleni zilipungua sana, na kwa haki, mageuzi hayo yanastahili sifa kuliko yanavyopewa.

Wizi nao ukahama. Badala ya kuuza gunia, wajanja waligundua wanaweza kusajili mikate ambayo haikuokwa kamwe kwa kutumia kadi za watu. Tanzania tumewahi kuwa na wafanyakazi hewa, Misri ilikuwa na mikate hewa.

Mwaka 2016 na mwaka 2022

Sehemu inayonivutia kuliko zote ni shambani, kwa sababu huko udhibiti uleule ulileta matokeo mawili yaliyopingana katika muda wa miaka sita.

Kila msimu wa mavuno, kuanzia Aprili, serikali hutangaza bei itakayowalipa wakulima kwa ardebu moja, kipimo cha kilo 150. Mwaka 2016 bei hiyo ilikuwa pauni 420. Kwa thamani rasmi ya pauni wakati ule, hiyo ni kama dola 315 kwa tani. Siku hizo ngano ya Bahari Nyeusi ilifika bandarini Misri kwa chini ya dola 200. Lengo lilikuwa zuri: kumtia moyo mkulima wa ndani. Lakini ukimwambia mfanyabiashara kwamba ngano ileile inalipwa dola 315 ikiitwa ya nyumbani na chini ya 200 ikiitwa ya nje, umemwomba aibadilishe jina. Ngano ya nje ilichanganywa na kupokewa kama ya ndani, na kwenye vitabu vya baadhi ya maghala kukaandikwa ngano ambayo haikuwamo. Serikali ilitangaza kukusanya karibu tani milioni 5, kamati ya bunge ikaenda kukagua maghala ikakuta upungufu mkubwa, na Agosti 2016 Hanafi akajiuzulu.

Sasa njoo 2022. Februari 24 Urusi ikaivamia Ukraine. Siku hiyohiyo shirika la serikali la ununuzi wa nafaka, GASC, lilikuwa na zabuni mezani, likaifuta kwa kukosa wauzaji wa kutosha. Siku nne baadaye likafuta nyingine. Katikati ya Machi Wizara ya Ugavi ikatoa amri: kila mkulima wa ngano apeleke serikalini angalau ardebu 12 kwa kila fedani aliyolima, na asiuze iliyobaki bila kibali. Fedani ni kubwa kidogo kuliko ekari moja, tuseme mita za mraba 4,200, na mkulima mzuri huvuna ardebu 18 hadi 20 humo. Kwa hiyo serikali ilidai kama asilimia 60 hadi 67 ya mavuno. Aliyekaidi alitishiwa kifungo na kunyimwa mbolea ya ruzuku. Mwenye fedani 25 au zaidi aliyepeleka asilimia 90 aliahidiwa mbolea kwa mazao ya kiangazi. Wazee vijijini hawakuhitaji kuelezwa jambo hilo, kwa kuwa kupeleka mazao serikalini kwa lazima kulikuwa desturi ya enzi za Rais Nasser, aliyemtangulia Sadat.

Bei iliyotangazwa kwa ngano bora ilikuwa pauni 885 kwa ardebu. Kwa mkulima aliyezoea bei za nyuma ilisikika vizuri, kwa sababu ilikuwa juu kuliko msimu uliotangulia. Kwa thamani ya pauni kabla ya vita, ingekuwa takriban dola 375 kwa tani. Ila Machi 21 Benki Kuu ikaiachia pauni ishuke, kutoka 15.7 kwa dola hadi zaidi ya 18, na bei ileile ikayeyuka hadi kama dola 320. Aprili hiyo serikali ilikuwa inanunua ngano ya Ufaransa kwa zaidi ya dola 450 kwa tani ikifika bandarini.

Mfanyabiashara wa 2016 alikuwa na kila sababu ya kuingiza ngano kwenye ghala la serikali. Mkulima wa 2022 alikuwa na kila sababu ya kuificha. Alikuwa na mbolea ya kulipia kwa bei ya vita, madalali waliokuja mpaka uwanja wa kupuria na pesa mkononi, na mifugo ambayo lishe yake ya mahindi na soya hutoka nje kwa dola. Serikali ilitaka tani milioni 6, ikapata kama milioni 4.2.

Mtu anaweza kunijibu kwamba 4.2 ni zaidi ya tani milioni 3.5 za mwaka 2021, kwa hiyo amri ilifanya kazi. Nakubali kwa sehemu. Vitisho vilisukuma, bei ya juu ikavuta, na sidhani kuna awezaye kutenganisha nguvu hizo mbili kwa uhakika. Lakini tazama serikali yenyewe ilichofanya msimu uliofuata. Bei ya 2023 ilitangazwa, ikapandishwa hadi 1,250, halafu 1,500. Mwaka 2024 ilianza 1,600 ikaishia 2,000, na mwaka 2025 ikawa 2,200. Waliokuwa na takwimu zote mezani walichagua kulipa zaidi kuliko kufunga zaidi.

Mlipaji wa tatu, basi, alikuwa mkulima wa 2022. Hakuna aliyemwita mlipa kodi, lakini pengo kati ya dola 320 na 450 kwa kila tani aliyopeleka lilikuwa kodi, na halikuandikwa kwenye bajeti yoyote.

Amri mbili siku moja

Turudi Machi 21, 2022, kwa sababu siku hiyo ilibeba mambo mawili. Asubuhi pauni ilishushwa thamani. Siku hiyohiyo Waziri Mkuu akaweka bei ya mkate wa soko huria, ule usio na ruzuku: pauni 11.50 kwa kilo, mkate wa gramu 90 kwa pauni 1, wa gramu 65 kwa piasta 75, wa gramu 45 kwa piasta 50. Kwa miezi mitatu, na faini ya kuanzia pauni 100,000 hadi milioni 5 kwa atakayekiuka. Siku chache kabla, mauzo ya nje ya ngano, unga, tambi, dengu na maharage yalikuwa yamepigwa marufuku.

Ukiangalia kwa haraka, maamuzi hayo yalielekea upande mmoja, kumlinda mlaji. Kwa mwokaji wa mtaani yalikuwa yanavutana. Kushuka kwa pauni kulipandisha bei ya unga wake, mafuta yake na nailoni yake ya kufungia, na amri ikamzuia asipandishe mkate. Tofauti na mwenzake wa baladi, yeye hakuwa na mashine ya kadi wala hundi kutoka wizarani. Kwake tofauti ilikuwa mfukoni mwake, na mfuko wa bekari ya mtaa hauna kina.

Hapo utaona kwamba "udhibiti wa bei" si kitu kimoja. Kuna bei inayoshushwa na serikali halafu serikali ikalipa pengo, na kuna bei inayoshushwa kwa karatasi tu. Ya kwanza ni ghali lakini mkate unabaki dukani. Ya pili haigharimu hazina kitu siku inapotiwa sahihi, na bidhaa huanza kupungua, au kuwa nyepesi, au kuuzwa kwa kujuana.

Misri ilishuhudia hilo kwa mchele katika mwaka huohuo. Septemba 2022 serikali iliweka kikomo cha bei ya mchele na kuwadai wakulima tani moja kwa kila fedani. Mchele ni zao ambalo Misri hujitosheleza nalo kwa kiasi kikubwa, halikutegemea vita ya Ukraine. Ukatoweka madukani hata hivyo, ukaonekana tena kwa bei ya juu kuliko kikomo, na kilichopelekwa serikalini hakikukaribia lengo.

Na kulikuwa na kizuizi kingine ambacho hakikuitwa udhibiti wa chakula. Mapema 2022 Benki Kuu iliwataka waagizaji watumie utaratibu mgumu zaidi wa dhamana za benki ili kuokoa dola. Ngano ya wafanyabiashara binafsi ikakwama bandarini, imefika, imekaa, haijalipiwa. Kufikia Septemba vinu vingi binafsi vilikuwa vimesimama kwa kukosa ngano ilhali shehena zilionekana gatini. Serikali ikalazimika kuwauzia wenye vinu ngano kutoka akiba yake, ileile iliyokusanywa kwa ajili ya baladi. Ule ukuta kati ya masoko mawili ulibomolewa na waliokuwa wanaulinda.

Zimbabwe, kwa ufupi

Anayetaka kuona aina ya pili ya udhibiti ikifikishwa mwisho wake aitazame Zimbabwe. Tangu 2001 Bodi ya Masoko ya Nafaka, GMB, ilikuwa mnunuzi pekee wa mahindi na ngano. Mkulima alipangiwa bei, akalipwa kwa kuchelewa, na kufikia siku ya malipo mfumuko ulikuwa umeshaila. Wengi walipunguza kulima ngano. Juni 2007 serikali ya Robert Mugabe iliamuru bei zipunguzwe kwa nusu, maelfu ya wafanyabiashara wakakamatwa, na kwa siku chache watu walinunua kama siku ya sikukuu. Halafu rafu zikawa tupu, na mkate ukawa kitu cha kutafutwa kwa kuulizana. Kwa kiasi serikali ilichoendelea kukilipia, ililipia kwa noti mpya. Julai 2008 mfumuko rasmi ulitangazwa kuwa asilimia milioni 231. Mwanzoni mwa 2009 watu waliruhusiwa kutumia dola na randi, mamlaka ya pekee ya GMB yakaondolewa, na mikate ikarudi madukani, kwa bei ambayo wengi hawakuimudu.

Misri haikufika huko, na sababu kubwa si kwamba mawaziri wake walikuwa wapole zaidi. Ni kwamba kwa baladi walilipa. Kenya pia, Julai 2022, serikali iliposhusha pakiti ya kilo 2 ya unga wa mahindi hadi shilingi 100, iliahidi kuwalipa wasagaji tofauti. William Ruto alipoapishwa Septemba alisema unga huo ulikuwa umekula shilingi bilioni 7, akaachana nao. Ruzuku hufa namna hiyo, kwa kukosa pesa, wakati bei ya amri hufa kwa kukosa bidhaa.

Pauni ikishuka, bili inapanda

Kwa nini basi hatimaye Misri iliigusa namba isiyoguswa? Sababu ni mzunguko ambao serikali haikuweza kuukimbia. Ngano inanunuliwa kwa dola. Kila pauni ilipoporomoka, mkate uleule ukawa ghali zaidi kwa hazina ingawa ngano duniani haikupanda. Kwa kweli kuanzia katikati ya 2022 bei ya ngano duniani ilikuwa inashuka. Lakini pauni ilikuwa karibu 31 kwa dola mapema 2023, ikafika kama 70 kwa wauza fedha wa vichochoroni Januari 2024, na Machi 6, 2024 ikaachiwa rasmi hadi karibu 50. Bajeti ya 2023/24 ilitenga zaidi ya pauni bilioni 127 kwa ruzuku ya chakula. Sehemu ya ngano ilinunuliwa kwa mikopo, ikiwamo dola milioni 500 za Benki ya Dunia zilizoidhinishwa Juni 2022, na wauzaji wa nje walianza kukubali kulipwa baada ya miezi kadhaa. Serikali inayokopa ndani ili kulipia mkate inachangia mfumuko uleule inaojaribu kuwakinga watu nao. Mlipaji wa nne alikuwa kila mtu aliyeshika pauni.

Machi 2024 ilileta makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa ya dola bilioni 8, baada ya Falme za Kiarabu kukubali mwezi uliotangulia kuweka dola bilioni 35 nchini Misri, nyingi katika mradi wa Ras el-Hekma kwenye pwani ya Mediterania. Miezi mitatu baadaye mkate ukawa piasta 20. Familia ya watu wanne iliyochukua mikate yake yote ilikuwa ikilipa pauni 30 kwa mwezi, sasa ikalipa 120. Kwa mwenye mshahara wa ofisini hiyo ni nauli ya siku kadhaa. Kwa kibarua inauma, kwa sababu haikuja peke yake. Umeme na petroli vilipanda mwaka huohuo. Barabara hata hivyo zilikaa kimya, na nina shaka kama ukimya huo ulikuwa wa ridhaa.

Hata kwa piasta 20, mwaka 2024 serikali ilibaki na piasta 105 za kulipa kwa kila mkate. Ndiyo maana tangu mwaka huo Madbouly amekuwa akizungumzia hatua inayofuata: kuachana na ruzuku ya bidhaa na kuwapa watu fedha taslimu. Hoja zake za kiuchumi zina uzito. Mwenye fedha anachagua mwenyewe, hakuna mkate wa kwenda kwa kuku, hakuna mikate hewa, na ngano yote inakuwa na bei moja, kwa hiyo hakuna anayepata faida kwa kuivusha ukuta. Wachumi wengi wangesaini hapo hapo.

Mimi ningesita, kwa sababu moja ambayo iko tayari kwenye kadi zilezile. Mbali na mikate, kadi ya ruzuku humpa mtu kiasi cha fedha kwa mwezi cha kununulia mafuta ya kupikia, sukari na vitu kama hivyo. Juni 2017 kiasi hicho kilipandishwa kutoka pauni 21 hadi pauni 50 kwa kila mmoja wa watu wanne wa kwanza kwenye kadi. Wakati ule pauni 50 zilikuwa karibu dola 2.80. Mwaka 2024, mkate ulipopanda, zilikuwa bado pauni 50, na thamani yake ilikuwa kama dola 1. Mikate ya siku, kwa muda wote huo, ilibaki 5.